Hatukuwa na Mlima wa Kupanda

Hedaru imekaa miguuni pa Milima ya Pare ya Kusini, upande wa magharibi, ule unaokosa mvua. Mawingu ya baharini humwaga maji yake Gonja na Ndungu, ng'ambo ya pili, na yakishavuka kilele cha Shengena hutuletea kivuli tu. Kwetu ni tambarare ya miiba na mibuyu, reli, barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, na magharibi huko Mto Pangani na mbuga za Wamasai. Wasafiri wengi huijua Hedaru kwa dakika chache za kununua vitunguu dirishani mwa basi. Mimi nililelewa hapo, na wazazi wasio Wapare wala wazaliwa wa Tanganyika. Walikuwa Wamakonde wa Msumbiji, kutoka nyanda za juu za Mueda, kusini ya Ruvuma. Watu waliwaita manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge.

Naandika kumbukumbu hizi kwa kuwa waliozijua wanapungua. Naandika pia kwa kuwa maisha yamenifunza jambo moja ambalo ningependa kila mtoto wa wahamiaji alijue mapema: wazazi wetu walitulinda kwa kunyamaza, na ulinzi huo ulitusaidia utotoni, lakini hauwezi kuwasaidia wajukuu wao.

Baba alivuka Ruvuma akiwa kijana, miaka ya hamsini. Kwao Mreno aliwabana pande zote. Mwanamume alidaiwa kodi, na aliyeikosa alikamatwa akapelekwa shibalo, kazi ya shuruti ya barabara na mashamba. Familia zililazimishwa kulima pamba na kuiuza kwa bei isiyowapa hata nguo ya kuvaa. Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza, naye alitawala kwa faida yake, ila mashamba yake ya mkonge yalilipa fedha mkononi, na mtu aliyechoka aliweza kufunga kirago chake akaondoka. Tofauti hiyo iliwatosha maelfu ya Wamakonde kutembea wiki nzima na zaidi, wakilala porini, hadi Mtwara na Lindi, kisha wengine wakaendelea Kilosa, Tanga na huku kwetu kando ya reli.

Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni katika nchi hii. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo michache yalitokea mashamba yaliyokuja kufunika sehemu kubwa ya bonde la Pangani. Kilichowakosesha usingizi Wajerumani kilikuwa ni watu wa kufanya kazi, kwa sababu wenyeji walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kuyaacha. Hata kabla ya mkonge, mwaka 1892, walikuwa wameleta vibarua wa Kichina na Kijava kutoka Singapore kwa ajili ya mashamba ya Usambara. Baadaye waligeukia bara, kwa Wanyamwezi na Wasukuma. Reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilifika Moshi mwaka 1911, ikapita katika tambarare yetu, na mkonge ukaifuata. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuajiri, Silabu, iliyowaleta Waha, Warundi, Wabena na Wangoni kwa malori na mabehewa. Wamakonde wengi hawakuletwa na mtu, walijileta.

Nilizaliwa katika kambi ya shamba la mkonge la Makanya, katika nyumba za safu zilizoezekwa bati. Alfajiri kengele ililia, wanaume wakaenda kukata majani. Kila mmoja alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara ulitoka kadi ilipojaa. Siku ambayo hukumaliza kazi uliyopangiwa, nyapara hakuitia alama. Majani yaliyofungwa mafungu yalipelekwa korona, mashine iliyoyaponda na kutoa nyuzi, na maji yake ya kijani yenye harufu kali yalitiririka mferejini mchana kutwa. Baba alirudi na mikono iliyowasha kwa utomvu, na mara nyingi na jeraha la mwiba wa ncha ya jani. Jumapili kambi ilibadilika. Kila safu ilikuwa na watu wake na ngoma yake, na ngoma zote zilisikika kwa pamoja. Sindimba ya kwetu ilikuwa na wachezaji hodari kuliko wote, na sijapata kuona watu waliochoka sana wakicheza vizuri namna ile.

Mama alikuja baada ya baba, pamoja na kaka yake. Alikuwa na chale usoni na ndonya katika mdomo wa juu, kama wanawake wa rika lake. Kwao vitu hivyo vilikuwa urembo na heshima ya mwanamke aliyekua. Huku vilikuwa jambo la kutazamwa. Nakumbuka nikiwa nimeshika kanga yake stesheni, abiria wa treni wakichungulia madirishani na kuitana waje waone. Mama aliendelea kutazama mbele kama vile treni haipo. Nilipomuuliza kwa nini wanatutazama, alinijibu kwa Kimakonde kwamba watu waliokaa ndani ya behewa siku nzima hutazama chochote.

Nyumbani kulikuwa na sheria ambazo hatukuwahi kuelezwa sababu yake. Kimakonde kilikuwa lugha ya ndani, mlango ukifungwa. Nje tulisema Kiswahili, hata sisi kwa sisi. Mtu akituuliza kabila, tuliambiwa tujibu, "Sisi ni watu wa kambini." Jina la ukoo la baba halikutajwa mbele ya wageni. Karani wa shamba alikuwa amemwandika kwa jina jingine, rahisi kwake kulitamka, na baba aliliacha likae. Watoto wote tuliandikishwa shule kwa jina hilo la karani.

Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha takribani tani 230,000 za mkonge, kuliko nchi yoyote duniani. Baada ya hapo bei ilianguka, kwa kuwa viwanda vya Ulaya na Marekani viligeukia kamba za plastiki. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilichukua mashamba mengi, lakini soko lilikuwa limekwishageuka, na mwishoni mwa miaka ya tisini nchi nzima ilizalisha takribani tani 20,000 tu. Takwimu hizo zilitufikia kama safu za nyumba zilizokuwa zikibaki tupu. Waha walirudi kwao, Wabena wakarudi kwao. Baba hakuwa na kwao pa kurudi, kwa sababu huko vita vilikuwa vimeanza. Alichukua tezo na patasi zake, mama akachukua vyungu vyake, tukahamia Hedaru.

Hapo ndipo nilipoona ujuzi wa nyumbani ukigeuka njia ya kuishi. Baba alichonga. Mpingo ulipatikana nyikani, na watu wetu walikuwa wameanza kujulikana Dar es Salaam kwa vinyago vyao, lakini Hedaru hakuna aliyenunua kinyago. Baba akachonga vinu, miko, mipini ya majembe na viti vya miguu mitatu. Mama alifinyanga. Alitafuta udongo makorongoni, akaujaribu mkononi kwa kuuvingirisha, akaonja hata ladha yake, na alipopata aliokuwa akiutafuta hakumwambia mtu ni wapi.

Siku ya gulio aliketi pembeni kabisa na vyungu vyake. Mwanzoni wanawake wa Kipare walisimama mbali. Kisha mmoja, mama wa makamo aliyeteremka kutoka mlimani na mzigo wa ndizi kichwani, alikuja akachutama.

"Mama, chungu hiki kitahimili moto?"

"Kigonge."

Akakigonga kwa kidole, kikalia vizuri.

"Na makande? Makande hukaa motoni usiku kucha."

"Kipike makande. Kikipasuka, nirudishie vigae, nitakupa kingine na fedha yako."

Hakikupasuka. Gulio lililofuata alirudi na wenzake. Tangu hapo alimwita mama "Mama Makonde," na mama alilipokea jina hilo kwa sauti yake nzima. Mwanamke ambaye kwa miaka alitufundisha kuficha kabila letu aliitwa kwa kabila hilo sokoni, mbele ya watu wote, na kwa kuwa liliambatana na kazi nzuri, lilikuwa jina la heshima. Yule mama wa ndizi ndiye aliyemfundisha mama kupika makande ya mahindi na fiwi, na ndiye aliyetufungulia suala la maji.

Upareni maji yana utaratibu wake wa karne nyingi. Juu mlimani na kwenye miteremko kuna ndiva, mabwawa yaliyojengwa kwa udongo na mawe, ambayo hujaa usiku na kufunguliwa asubuhi, maji yakashuka mferejini kwenda shamba kwa shamba. Kila familia ina zamu. Zamu hizo zimefuata koo na mashamba ya mababu, na mtu aliyekuja na treni hawezi kuzidai. Lakini ndiva hujaa tope na mifereji hubomoka, ndipo watu huitwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja, na asiyefika hutozwa faini au hukosa maji. Baba hakuwa na zamu, kwa hiyo hakuna aliyemdai kufika. Alifika. Msaragambo ulipoitwa, yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza, na jembe lenye mpini aliouchonga mwenyewe. Hakuomba kitu. Baada ya misimu kadhaa, wazee walikaa wakakubaliana kwamba yule mama wa vyungu apewe maji ya mwisho wa zamu ya rafiki yake, yatoshe bustani ya mboga.

Nimekaa na tukio hilo maishani mwangu mwote. Watu hupenda kusema mgeni apokewe kwa ukarimu, na ni kweli, nasi tulipokewa. Lakini ukarimu ni wa siku za mwanzo. Baada yake unahitajika mzigo wa pamoja. Baba hakuwa mtu wa Hedaru kwa sababu alipendwa. Alikuwa mtu wa Hedaru kwa sababu asingefika kuzoa tope, pengo la jembe lake lingeonekana.

Shuleni mambo yalikuwa magumu zaidi, kwani watoto hawana msaragambo. Nilichekwa kwa mdomo wa mama, kwa matamshi yetu, kwa kukosa bibi wa kumtembelea mlimani wakati wa likizo. Wenzangu walipanda mlimani, Vudee na Chome, kwa mababu zao, wakarudi na ndizi na hadithi. Katika somo la historia tulifundishwa mbiru, jinsi Wapare walivyoikataa kodi mpya ya Waingereza na mwaka 1945 wakateremka kwa maelfu hadi Same, wakaketi huko wakidai ifutwe. Watoto wa darasa letu walitaja majina ya babu zao waliokuwapo. Niliketi kimya. Sikujua kwamba baba yangu naye alitoka katika watu walioikataa kodi. Sikujua kwamba tarehe 16 Juni 1960 Wamakonde walikusanyika Mueda mbele ya ofisi ya Mreno, na askari wakawafyatulia risasi. Sikujua kwamba mazungumzo yaliyowakusanya siku ile yalianzishwa na watu waliokuwa wahamiaji Tanganyika, Faustino Vanombe na Kibiriti Diwane, waliokwenda kuomba ndugu zao warudi nyumbani wakiwa huru. Baba aliyajua yote hayo. Baadhi ya waliouawa walikuwa watu wa kijiji chake. Niliyasoma kitabuni nikiwa mtu mzima.

Tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ilipata uhuru, miaka 13 kamili tangu FRELIMO, chama kilichoupigania, kilipoundwa Dar es Salaam. Wamakonde waliobaki Makanya walikuja kwetu, wakacheza hadi alfajiri. Wengi walifunga mizigo wakarudi. Nilikuwa nimeanza shule, na nakumbuka mama akikunja nguo na kuzikunjua tena, siku baada ya siku, akisubiri neno la baba. Neno hilo halikuja. Mwisho mama mwenyewe alizirudisha sandukuni. Miaka mingi baadaye nilimsikia baba akimwambia rafiki yake kwamba mtu hahami mara mbili na watoto wale wale. Sijui kama ndiyo sababu yote. Ndiyo sababu pekee niliyoisikia.

Baba alifariki miaka ya tisini, wakati treni ya abiria ilikuwa imekoma na stesheni imekuwa malisho ya mbuzi. Msiba wake ulinifunza kuhusu Hedaru jambo ambalo sikuwa nimeliona. Wapare wengi wa tambarare wakifiwa huwapandisha wafu wao mlimani, wakawazike katika mashamba ya koo zao, karibu na misitu yao ya mizimu. Nilikuwa nimeona misafara hiyo tangu utoto. Maana yake ni kwamba majirani zetu nao walikuwa wameteremka kutoka mahali. Hedaru ilikuwa mji wa watu waliokuja, wengine kwa saa chache za kutembea, wengine kwa kuvuka Ruvuma. Tofauti ni kwamba wao wakifa walikuwa na pa kurudi. Sisi hatukuwa na mlima wa kupanda.

Kambini mtu wa mbali alizikwa na watani. Mzee mmoja wa Kinyamwezi, aliyefanywa mtani wetu tangu Makanya, alikuja kwa miguu akiegemea fimbo, akatania maiti kama desturi inavyomruhusu, akamwambia baba kwamba hata kufa amekufa nje ya kipande. Watu wakacheka huku wanalia. Kisha wazee wa mfereji wakasimama. Mmoja wao akauliza ni wapi baba atazikwa, na kabla hatujajibu akasema mwenyewe: "Hapa. Huyu ni wetu wa hapa." Vijana wa Kipare walichimba kaburi. Yule mama wa ndizi, sasa bibi mzee, alipika makande ya wafiwa katika chungu cha mama. Siku hiyo nilijua kuwa Hedaru ni kwetu, kwa sababu kwetu ni mahali ambapo watu wakisikia kilio chako hawaulizi ni nani atakuja kushughulika.

Lakini ardhi kukupokea ni jambo moja, na karatasi ni jambo jingine. Ilipofika zamu ya watoto wa kaka yangu kutafuta kitambulisho cha taifa, waliulizwa katika ofisi moja babu yao alizaliwa wapi, kijiji gani, mwaka gani, na kwa nini jina la cheti hili halifanani na la cheti kile. Hawakuwa na jibu. Waliweza kutaja kila mfereji wa Hedaru, na hawakuweza kutaja kijiji cha babu yao. Nilipanda basi nikaenda, nami nikakuta najua kidogo kuliko nilivyodhani. Mama alikuwa amekwishafariki. Tuliokolewa na wale wale wazee, waliokuja kushuhudia kwa midomo yao kwamba wamezika na sisi na wamezoa tope na sisi. Mambo yalinyooka, ila yalichukua muda, na kijana mmoja alipoteza nafasi ya chuo mwaka huo.

Hatuko peke yetu. Wamakonde waliokwenda Kenya enzi za ukoloni, katika mashamba ya mkonge na miwa ya Kwale, waliishi huko vizazi kadhaa bila uraia wa nchi yoyote. Watoto wao hawakuweza kufungua akaunti ya benki wala kuajiriwa kihalali. Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, na kabla ya mwaka kuisha walianza kupewa vitambulisho. Baadaye wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Katika msafara ule walikuwamo wazee waliozaliwa Kenya. Walichokuwa nacho ni hadithi yao: tulitoka wapi, tulikuja lini, nani alituajiri, nani tumemzika hapa. Walikuwa wameisimulia kwa watoto wao, na iliwafikisha mlangoni.

Sisi yetu ilikuwa imefungwa ndani, pamoja na Kimakonde, mlango ukifungwa. Simlaumu baba. Mtu aliyekimbia shibalo anajua orodha ya majina humfanyia nini mtu maskini. Alijifunza kwamba kutojulikana ni usalama, na kwa umri wake na nyakati zake alikuwa sahihi. Watoto wake tulisoma bila kufukuzwa, tukakua bila kuitwa wakimbizi. Lakini hofu ya mzazi hurithiwa bila sababu yake. Sisi tulirithi mlango uliofungwa bila kujua ulifungiwa nani, nasi tukaufunga kwa watoto wetu kwa mazoea tu.

Kwa hiyo nawasihi wanaolea watoto mbali na walikozaliwa, awe Mrundi aliyeko Kigoma, Mhindi aliyeko Same, Mchina aliyefungua duka Dar es Salaam, au Mpare aliyehamia Toronto. Wapeni watoto wenu mambo mawili, na msiwape moja bila jingine. La kwanza ni kazi ya pamoja na watu wa hapo mlipo. Wapelekeni kwenye msaragambo wa huko, uwe wa kufagia msikiti au kanisa, kuchimba kaburi, au kukaa kamati ya shule. La pili ni hadithi kamili: jina la kijiji, jina la mto, jina la ukoo kabla ya karani kuligusa, sababu ya kuondoka na sababu ya kutorudi. Andikeni, na watajeni watu. Mtoto mwenye la kwanza peke yake atapendwa na hatajitambua. Mwenye la pili peke yake atajitambua na atabaki mgeni.

Mimi nimeanza. Wajukuu wa baba yangu sasa wanalijua jina lake la Mueda, na wamelitamka mbele ya wazee wa mfereji wa Hedaru. Wazee hao wamelijibu kwa kuuliza linaandikwaje, walitie katika daftari la msaragambo.